Msitu wa mivinje Bamburi: ukienda na watoto, usihesabu kilomita

Kila likizo ya shule ikikaribia shoga zangu wananiuliza swali lile lile, eti Mombasa hii ukitoa bahari na mall watoto utawapeleka wapi wachoke mpaka walale mapema. Jibu langu halibadiliki: wapelekeni mivinjeni Bamburi, kwenye yale machimbo ya zamani ya kiwanda cha simiti. Kuna Haller Park yenye wanyama, halafu mbele yake ukielekea upande wa Mtwapa kuna zile njia za kutembea msituni, Forest Trails, na hizi za pili ndizo nazizungumzia leo manake Haller Park kila mtu anaijua.

Hakuna kilima, hakuna ngazi. Mtoto wa miaka mitatu anatembea mwenyewe, nyanya mwenye magoti mabovu naye anakwenda pole pole anafika. Lakini tatizo liko hapo hapo, watu wakisikia tambarare wanadhani ni rahisi, so wanachagua njia ndefu kuliko zote, wanafika katikati watoto washakaa chini wanalia na ni saa sita mchana na maji yashaisha. Utambarare una shida zake jamani, na si zile za kupanda mlima.

Kwanza ujue kwa nini pale ni chini na ni sawa. Ile ni sakafu ya machimbo. Kiwanda kilichimba mawe ya matumbawe miaka na miaka ya kutengenezea simiti, kikaacha shimo kubwa jeupe karibu na usawa wa maji ya chini ya ardhi, kuna chumvi, kuna jua, hakuna udongo kabisa. Mwaka 1971 Dkt. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi hapo kiwandani, akaanza kujaribu miti. Alipanda aina 26, zikashika tatu tu: mvinje, damas na mnazi. Mvinje ndio ulioshinda wote kwa sababu unavumilia chumvi na mizizi yake ina bakteria wanaoupatia naitrojeni kutoka hewani, haungoji udongo mzuri ndio uote. Ukiuangalia na yale majani ya sindano na vile vibegu vigumu utasema ni msonobari, na wageni wengi husema hivo, lakini si ndugu kabisa.

Sasa majani yakawa yanaanguka, yanajaa chini, na hayaozi, ni magumu sana kwa vijidudu vya kawaida. Suluhisho likawa jongoo. Jongoo wale wekundu wa miguu waliletwa wakayala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na juu ya udongo huo miti mingine ikaweza kuota, ndege wakaja, wanyama wakaletwa. Hii hadithi wahadithieni watoto mkiwa kwenye gari au matatu kabla hamjashuka. Nawaambia ukweli, mtoto aliyeambiwa kwamba jongoo ndiye aliyetengeneza msitu hatatembea hata mita mia bila kuinama kuwatafuta, na hiyo ndiyo matembezi yenyewe, usimvute mkono. Ila kuwashika wasiwashike ovyo, jongoo akikasirika anatoa maji ya kahawia yanayochafua vidole na yanawasha vibaya yakiingia machoni. Wanawe mikono kabla ya kula, na wale wa kutia vidole mdomoni wachungwe.

Tuje kwenye joto. Pale chini ya shimo upepo wa bahari unapita juu juu, unausikia kwenye vilele vya mivinje unavuma vizuri, lakini wewe huku chini huupati. Kivuli kipo, kwa hiyo mtoto hasemi jua kali, anatokwa jasho tu kimya kimya. Wakati wa kaskazi, yaani Desemba mpaka Machi, mimi sitoi mtoto nyumbani kwenda huko kama si asubuhi mapema sana au alasiri jua likishalala. Wenye watoto wanaokwenda madrasa asubuhi za wikendi mtaenda alasiri, sawa tu, lakini muwe mshatoka kabla ya magharibi manake mbu wa pale hawana adabu na kuna maji maji karibu. Wapakeni dawa ya mbu hata kama mnaona bado mapema. Mvua za Aprili na Mei mimi huacha tu, njia zinakuwa na madimbwi na kila kitu kinanata.

Maji bebeni mengi kuliko mnavyofikiria, na muyabebe kwenye chupa za kutumia tena, manake tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, misitu na fukwe zinazolindwa, na sehemu za aina hii hawapendi kuziona getini.

Ushauri wangu mkubwa ni huu. Njia za pale nyingi zinazunguka zinarudi ulikoanzia, kwenye ramani inapendeza, lakini njia ya kuzunguka ukishapita nusu hakuna cha kufupisha, kurudi nyuma ni mbali na kuendelea ni mbali. Ukiwa na watoto wadogo, chini ya miaka sita tuseme, achana na kumaliza mzunguko. Nenda na urudi njia ile ile. Na mgeuke wakati bado wanakimbia, usingoje mpaka mmoja akae chini aseme shangazi mimi nimechoka, manake akisema hivo ujue nguvu ziliisha zamani na utambeba mpaka getini. Mtu mzima inamuuma kugeuka mapema, anaona hajafika popote, lakini kwenye tambarare hakuna popote pa kufika! Hakuna kilele, hakuna mandhari ya mwisho. Ukikubali hilo unapumzika moyo kabisa.

Jengine ni kupotea. Mlimani ukipotea unashuka chini, utatokea mahali. Hapa hakuna kushuka, na miti ilipandwa, kuna sehemu imesimama safu kwa safu kama watu wa swala, kila upande unafanana, na yale majani yaliyolala chini yanameza sauti za nyayo, mtoto akikutangulia kidogo humsikii. Sheria yangu kwa watoto wa kaka yangu ni moja: ukifika njia panda unasimama hapo mpaka mkubwa afike, hata kama unaijua njia. Yule mkubwa wao hupenda kujifanya anajua, basi nikampa kazi ya kulinda njia panda, akatulia. Ubao wa ramani mkiuona getini upigeni picha kwa simu. Na mtembee upande mmoja, pale kuna watu wa kukimbia na wa baiskeli, wengine wanakuja kasi.

Mavazi: raba, si champali, vile vibegu vya mvinje vikiingia baina ya mguu na champali utasikia kilio. Kina mama wa buibui refu jueni pindo litazoa sindano zote za msituni, mimi huvaa fupi kidogo na suruali ndani, nikifika nyumbani nakung'uta raba tu. Kigari cha mtoto chenye vijigurudumu vidogo kiacheni nyumbani, kinakwama kila hatua, mtoto mchanga mfunge mgongoni na leso.

Chakula, nyie beba mahamri na viazi karai na achari kama kawaida yetu, lakini mle mahali wazi mkimaliza mfunge vizuri, tumbili wanaona mfuko kabla mtoto wako hajaufungua. Usimlishe hata mmoja, hata akikuangalia kwa huruma. Tumbili aliyezoea kulishwa ndiye anayemnyang'anya mtoto wa mwenzio kesho.

Watoto watataka pia kwenda Haller Park, hasa wakishasikia kisa cha Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa pale akajishikiza kwa kobe mzee. Mimi siunganishi zote mbili siku moja. Ukianza na wanyama, msitu unaonekana hauna kitu, wanauliza twiga yuko wapi kila kona. Kama ni lazima, basi msitu kwanza, twiga baadaye.

Bei sitaandika manake zinabadilika, pigeni simu au muulize kwanza kama njia ziko wazi siku hiyo, na mbebe kitambulisho kwa sababu mwananchi na mgeni hawalipi sawa. Matatu za Mtwapa zinapita barabara hiyo, ukishuka tuktuk zipo.

Wakishazoea, wale wa miaka minane tisa kwenda juu, hapo ndio unafikiria Arabuko-Sokoke kule karibu na Gede, kama kilomita mia hivi kutoka mjini. Huo ni msitu wa asili, mkubwa, karibu wote tambarare pia, lakini usifananishe na Bamburi, una ndovu. Kule unachukua mwongozaji getini, unaingia asubuhi mapema, na yule mdogo wa kulia kila dakika kumi anabaki kwa nyanya yake.