Kabaka, mfalme wa Buganda huko Uganda, ana nguvu gani kisheria?

SWALI: Shikamoo mhariri, nilikua Kampala kikazi nikaona mzee na suti yake kali kalala chini kabisa kumsalimia Kabaka, sasa huyu anaweza kunitungia sheria au kunitoza kodi? Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Hawezi. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 246, inamtambua kama kiongozi wa kimila basi, siasa za vyama haruhusiwi, mamlaka ya serikali hana, na hakuna wa kukulazimisha umtii wala umchangie hela. Lukiiko, bunge lake, linakaa pale Bulange, Mengo, na waziri mkuu anae, Katikkiro, ila maazimio yao sio sheria ya nchi. Zamani haikua hivi aisee, Mutesa wa Pili alikua Kabaka na hapohapo rais kuanzia 1963, mafahali wawili zizi moja, wakavutana na Obote, waziri mkuu wa Uganda, mpaka 1966 jeshi likavamia ikulu ya Kabaka, jamaa akaruka ukuta akaishia London, na 1967 falme zikafutwa. Ya Buganda ilirudi 1993. Ila kwenye ardhi usimchukulie poa, ukipanga kwenye shamba lake busuulu unalipa, na hiyo ni kodi ya pango kama ya mwenye nyumba yeyote.