Baba hataki binti afunzwe mambo ya baleghe shuleni

Dada yangu wa Malindi, nimekuelewa: mumeo ataka binti yenu wa gredi ya 7 atolewe darasani wakifunzwa mambo ya baleghe, kwa hofu atafundishwa zinaa, nawe waona bora ajue. Hofu ya baba si ya kubeza. Lakini kujizuia hadi ndoa na kuujua mwili havigombani. Fiqhi ya twahara, yaani sheria za dini za usafi, tunayosomeshwa madrasa yataja hedhi na janaba (hali ya kulazimika kuoga baada ya tendo la ndoa au kutokwa na manii) bila kificho.

Nendeni shuleni wote wawili, muombe kukiona kitabu chenyewe kabla ya kuamua. Mara nyingi ugomvi huu ni wa maneno ya kusikia. Kisha mpeni binti mtu wa kumuuliza. Zamani mwari alikuwa na somo wake, yaani mwanamke mzima wa kumfunza mambo ya utu uzima. Shangazi au mama mdogo mwenye busara aweza kuishika nafasi hiyo. Asipompata, ataiuliza simu.

Jambo moja silegezi. Mji wetu una watu wanaowarubuni watoto kwa pesa na zawadi, na wengine ni jamaa wa nyumbani. Ajue kukataa, ajue kusema. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamlinda aliye chini ya miaka 18, hata ikidaiwa aliridhia. Akiingiliwa, asioge, wala msisuluhishe kifamilia. Mpeleke hospitali upesi, kwani dawa za kukinga virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Nambari ya watoto ni 116, kupiga ni bure.