Jina Lako Liko BRELA: Maswali ya Wakurugenzi na Wanahisa wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ya safari hii yametoka Mafinga hadi Mbozi. Mengi yana mzizi mmoja: mtu alikubali jina lake liandikwe kwenye kampuni bila kuuliza litabeba nini.

Shikamooni. Shemeji yangu alifungua kampuni ya mbao akaomba namba yangu ya NIDA, akasema lazima wakurugenzi wawe wawili. Sijawahi kukaa kikao wala kupokea hata shilingi. Sasa TRA wanaidai kampuni kodi ya mishahara. Mimi nahusika? (Mafinga)

Marahaba. Unahusika. Sheria ya Makampuni ya 2002 (Sura ya 212) haimtambui mkurugenzi wa kujazia nafasi. Vifungu vya 182 hadi 185 vinamtaka kila mkurugenzi awe mwaminifu kwa kampuni, atumie madaraka yake kwa kazi iliyokusudiwa na awe mwangalifu kama mtu makini angekuwa kwenye nafasi hiyo. Kusema "sikuwahi kuhudhuria" hakukutetei. Mara nyingi huko kutohudhuria ndiko kosa lenyewe.

Kodi ya mishahara ni mbaya zaidi kwa sababu fedha hiyo tayari imekatwa kwa wafanyakazi, na ilipaswa kufika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inaruhusu wasimamizi wa kampuni wadaiwe pamoja nayo. Anayeweza kujinasua ni yule anayeonyesha kwamba alichukua hatua ili kodi ilipwe. Aliyekaa kimya hana cha kuonyesha.

Anza na upekuzi BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, uone jina lako limeandikwa kama nani: mkurugenzi tu, au na mwanahisa pia. Kisha mwandikie shemeji yako barua, si ujumbe wa simu, ukitaka taarifa za benki, orodha ya mishahara na hesabu ya deni la TRA. Itisha kikao cha bodi na hakikisha msimamo wako umeingia kwenye muhtasari. TRA hukubali kujadili malipo kwa awamu, lakini lazima kampuni iombe, na ombi la mapema husikilizwa vizuri kuliko la baada ya akaunti kuzuiwa.

Ukiamua kujiuzulu, barua iwe na tarehe na igongwe mhuri wa kupokelewa. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Barua inaishia kwenye droo ya shemeji, kampuni haijazi Fomu 210b, ya kutaarifu mabadiliko ya wakurugenzi, kwenye mfumo wa BRELA, na miaka inapita jina likiwa palepale. Kwa hiyo peleka nakala kwa Msajili wa Makampuni mwenyewe. Elewa pia kwamba kujiuzulu hakufuti wajibu wa kipindi ulichokuwemo, na hakuondoi hisa zako. Hisa huhamishwa kwa hati yake, na TRA wana lao la kusema kabla BRELA hawajabadilisha.

Mkurugenzi mwenzetu anaiuzia kampuni miche ya parachichi kutoka kitalu chake mwenyewe. Sheria inaruhusu? (Njombe)

Inaruhusu, ilimradi asifiche. Anapaswa kuitaarifu bodi kwamba ana maslahi kwenye biashara hiyo, ikiwezekana kabla bei haijakubaliwa, na tamko lake liandikwe kwenye muhtasari. Someni pia katiba ya kampuni yenu: nyingi zinamzuia mwenye maslahi kupigia kura mkataba wake. Tafuteni bei za vitalu vingine viwili na muziweke kwenye jalada. Mkigundua alikuwa akificha, kampuni inaweza kuukana mkataba na kumdai faida aliyopata.

Kampuni yetu ya usafirishaji haijafanya kazi kwa miaka mitatu. Si imeshakufa yenyewe? (Tukuyu)

Haijafa. Ritani ya mwaka (Fomu 128) huwasilishwa BRELA ndani ya siku 28 kila tarehe ya kusajiliwa inapotimia mwaka, hata kama gari halijatoka gereji. Kila mwezi wa kuchelewa una tozo yake, na kwa TRA pia makadirio na ritani vinaendelea kuhesabiwa hadi muwataarifu kwa maandishi kwamba shughuli zimesimama. Msajili anaweza kuifuta kampuni kwenye daftari, lakini wajibu wa wakurugenzi haufutiki nayo. Kama hamna mpango nayo, lipeni madeni, kisha muifunge kwa utaratibu wa hiari kwa msaada wa wakili.

Kampuni ikishindwa kulipa mkopo, benki inaweza kuchukua nyumba yangu? (Mwanjelwa, Mbeya)

Angalia ulisaini nini. Kampuni ni mtu wake peke yake kisheria, na deni lake kwa kawaida huishia kwenye mali zake. Ila benki inapokopesha kampuni ndogo huwa inawataka wakurugenzi wasaini dhamana binafsi, au waweke nyumba rehani. Karatasi hiyo ndiyo inayovunja ukuta kati yako na deni la kampuni, na husainiwa kwa haraka katikati ya rundo la nyingine. Omba nakala usome kama dhamana ina kikomo cha kiasi, na kama inagusa hata mikopo ya baadaye. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 (kifungu cha 59) na Sheria ya Ardhi ya 1999 (kifungu cha 114) zinasema hivyo.

Bila dhamana pia kuna njia ya kufikiwa. Ukisaini, kwa mfano, mkataba wa ghala kwa niaba ya kampuni kabla haijasajiliwa, mkataba huo unaweza kukubana wewe binafsi. Ukichukua mali kwa mkopo kwa nia ya kuwadhulumu wanaokudai, mahakama inaweza kukuamuru ulipe mwenyewe kampuni inapofilisiwa.

Nina hisa 15 kati ya 100. Mkutano mkuu haujaitishwa kwa miaka miwili, na hesabu sionyeshwi. (Iringa)

Mkutano mkuu ni wa kila mwaka, na kati ya mmoja na mwingine isizidi miezi 15. Kwa kuwa unavuka moja ya kumi ya mtaji wenye kura, unaweza kuwaandikia wakurugenzi waitishe mkutano maalumu. Taja ajenda, saini, na ifikishe barua kwenye ofisi iliyosajiliwa ya kampuni. Wasipochukua hatua ndani ya siku 21, wanahisa walioomba wanaweza kuuitisha wenyewe. Wakiendelea kukukandamiza, kifungu cha 233 cha Sheria ya Makampuni kinakupeleka Mahakama Kuu, na masjala ipo hapo hapo Iringa. Barua ulizoandika ndizo zitakuwa ushahidi wako, kwa hiyo malalamiko ya kwenye simu yaandike upya kwenye karatasi.

Bodi ya AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa nayo tuishtaki kwa BRELA? (Mbozi)

Hapana. Chama cha ushirika kiko chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Mrajis wake, na hesabu zake hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Anzeni kwa afisa ushirika wa wilaya, mkiwa na barua yenye saini za wanachama na nakala ya taarifa ya ukaguzi wa mwisho mliyosomewa.