Jenereta lilizimika kabla hajarudi

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu barazani. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu na majirani wanasikia. Baba yako yuko shambani Mbawala tangu alfajiri. Korosho zinaanguka sana wiki hii na waokotaji wamekuwa adimu.

Unasema wewe na mkwe wangu mmeangalia Silsila, ile filamu ya Kihindi ya Amitabh Bachchan ya mwaka 1981, mkalala mmenuniana. Yeye anasema Amit angewaoa wote wawili, yakaisha. Wewe unasema angebaki na Chandni, maana ndiye aliyempenda tangu mwanzo. Sasa unaniuliza mimi: Amit alifanya haki kumwacha Chandni na kurudi kwa mkewe Shobha?

Nianze na la mkwe wangu, ni jepesi. Kule India, tangu sheria ya ndoa za Wahindu ya mwaka 1955, mtu kama Amit haruhusiwi kuoa mke wa pili juu ya wa kwanza. Sisi huku dini inaruhusu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi. Amit mlango huo hakuwa nao. Mwambie mumeo kwamba baba yako alikuwa nao, na haukumsaidia kitu.

La kwako ndilo zito. Unaniuliza habari za Amit, na mimi kila nikiikumbuka filamu ile namwona Shobha. Unajua kwa nini. Shobha alikuwa mchumba wa Shekhar, kaka yake Amit, rubani wa jeshi. Shekhar akauawa vitani, akamwacha na mimba, na Amit akamwacha Chandni wake ili damu ya kaka yake isizaliwe bila baba. Pale penye ndege weka ngalawa. Penye vita weka kusi ya mwaka 1987 kule Msimbati. Penye Shekhar mweke baba yako mkubwa, Mungu amrehemu. Kaka yako alikuwa tumboni, miezi minne.

Ila Shobha aliolewa na mimba yake. Mimi nilikaa eda mpaka nikajifungua, kama dini inavyomtaka mjane mwenye mimba, na arobaini ilipotoka ndipo wazee wakakaa kwenye mkeka wa bibi yako. Shehe alinitaka nitamke. Mwari hukubali kwa kunyamaza, lakini mjane husema kwa kinywa chake. Nikasema nimekubali. Nilikuwa na miaka 22, mtoto mapajani, na kwetu Newala hakuna wa kunipokea, ningesema nini? Hata hivyo niliulizwa. Nimewaambieni tangu mkiwa wadogo, mnachoka kunisikia: mtu aulizwe. Hata ukiwa unamtakia heri, mwulize. Baba yako hakuulizwa. Aliitwa kutoka ghalani alikokuwa akipima magunia, akawekwa mkekani, akaambiwa "huyu ni mtoto wa kaka yako", akainamisha kichwa. Wakakichukua kile kichwa kuwa ndiyo.

Na yule wa Mikindani, Chandni wa baba yako, hakuna aliyemkumbuka, seuze kumwuliza.

Filamu tuliiona mwaka 1990, kwenye ukumbi wa video Vigaeni. Kilikuwa chumba kimoja, mabenchi, televisheni juu ya meza, na jenereta likinguruma nyuma ya ukuta. Kijana mmoja aliyejifunza Kihindi kwa kufanya kazi madukani alikaa kando ya deki akitufasiria, na jenereta likimzidi kelele tulibaki kusoma nyuso. Nyuso zilitosha. Umeiona ile sehemu ya sikukuu ya rangi? Amit amelewa, anaimba. Ile sauti ni ya Amitabh mwenyewe, na maneno aliyatunga baba yake mzazi. Anamchezea Chandni mbele ya mumewe daktari, na mbele ya mkewe. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Mimi nilikuwa namwangalia Jaya, aliyecheza Shobha. Huyo ni mke wa Amitabh wa ndoa tangu 1973, nje ya filamu. Alikuwa na uso wa mtu anayeona kila kitu na hana pa kupeleka macho.

Nikamgeukia baba yako. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa, vilevile kama siku ya mkeka. Wakati ule baiskeli yake ilikuwa imeizoea njia ya Mikindani, kila Ijumaa baada ya swala, kilomita kama 10 kwenda na 10 kurudi. Nilijua. Bibi yako alijua. Hakuna aliyesema.

Basi, Amit na Chandni wameshaondoka pamoja, ndege ya yule daktari inaanguka, na jenereta likazimika. Dizeli imekwisha. Watu wakazomea, wakadai pesa zao, kijana akasema njooni kesho. Kesho yake mkanda ulikuwa umeshapelekwa Lindi.

Usiku ule nilikuwa nimepanga kumwambia baba yako jambo. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili, mimba yako wewe. Tukatembea gizani na tochi moja. Nikaona nianzie mbali kidogo, nikamwuliza, "Unadhani atarudi kwa mkewe?" Hakujibu mpaka tukakaribia nyumbani. Akasema, "Hata akirudi, utakaorudi ni mwili."

Sikumwambia. Wiki tatu nilikaa kimya, mpaka bibi yako aliponiona nakimbia harufu ya samaki, akamwambia yeye.

Neno lile nimelala nalo miaka mingi, mwanangu. Mara nyingine najiambia alikuwa anazungumza filamu tu. Kaulizwa filamu, kajibu filamu. Halafu nasema hapana, sauti ile naijua, haikuwa ya filamu. Halafu najirudi tena: si mimi ninayetaka watu waulizwe? Nilimwuliza, akanijibu kweli yake. Nachukia nini? Lakini nilichukia.

Aliyelifungua fundo ni shangazi yako mkubwa. Alikwenda Mikindani peke yake, bila kutumwa na mtu, akamwuliza yule mwanamke kama yuko radhi aje awe mke wa pili. Alijibu palepale: "Aliniahidi niwe mkewe, sikuahidiwa kuwa nyongeza. Mwambieni asije tena." Safari za miaka miwili zikaisha alasiri moja, kwa swali moja. Unaona? Mtu aulizwe. Mwezi ule baba yako aliuza baiskeli, akawa anakwenda kazini kwa miguu.

Hili linalofuata sijawahi kukuambia. Ulipozaliwa, siku ya saba, yule wa Mikindani alikuja. Alikuja kwa miguu kutoka stendi, amejitanda vizuri, ana doti ya khanga mkononi. Nyumba nzima ilinyamaza. Baba yako alikuwa uani na wanaume, hakujua. Akaniomba akubebe. Nikakutoa mapajani nikampa. Alikushika kitambo, akakuita mama, akakurudisha, akaweka ile doti juu ya mkeka na kuondoka bila hata kunywa maji. Ile khanga imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua yoyote. Nani kati yetu ndiye mgeni? Mimi ndiye niliyekuja nikamkuta yeye moyoni mwa mtu. Yeye ndiye aliyekuja akanikuta mimi ndani ya nyumba. Au alimaanisha wewe, uliyekuwa na siku saba duniani? Nilikubeba mgongoni kwa khanga ile mwaka mzima. Bibi yako alikasirika. Mimi niliona ningekutoa ile khanga ningekuwa mwongo.

Mwisho wa filamu niliuona kaka yako alipotuletea deki ya CD. Shobha anamwambia Amit kwamba ana mimba yake, na Amit anaingia motoni kumtoa mume wa Chandni, anatoka, anarudi kwa mkewe. Nikaganda. Maneno yale ya Shobha ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni usiku wa Vigaeni. Baba yako alikuwa amekaa nyuma yangu. Akainuka akasema anakwenda kufunga banda la kuku. Banda nilikuwa nimelifunga mimi tangu magharibi.

Sasa unataka niseme alifanya haki au hakufanya. Nikisema alifanya haki, nitakuwa nimejipendelea mwenyewe, na yule wa Mikindani hayupo hapa kujitetea. Nikisema hakufanya, ninyi watoto wangu nitawaweka wapi? Ulimi unaniwasha, nauzuia. Lakini filamu imeishia pale aliporudi, hawakutuonesha miaka iliyofuata, na miaka hiyo mimi ninayo. Kaka yako alipopata degedege, aliyemkanda maji ya uvuguvugu saa nane za usiku bila kuamshwa ni baba yako. Nilipofanyiwa upasuaji, aliyelala chini ya kitanda changu siku 11 ni yeye, wakati dada zake walikuwepo. Mwili unaweza hayo peke yake? Sijui. Naona hauwezi. Basi, nisikusemee zaidi.

Na tangu usiku ule sijamwuliza tena. Mimi huyu ninayewapigieni kelele kila siku kwamba mtu aulizwe.

Nimeacha kuandika kidogo, amerudi na bodaboda, magunia mawili. Kaniuliza namwandikia nani. Nikamwambia wewe, umeuliza habari za ile filamu ya Amitabh yenye wanawake wawili. Amesimama pale mlangoni na vumbi lake, akasema, "Ile tuliyokatiwa Vigaeni?" Halafu akaenda kunawa miguu.

Ming'oko na korosho nilizobangua nazituma kwa basi la kesho alfajiri, uzipokee Mbagala. Msalimie mkwe wangu, msilale mmenuniana. Ile khanga ipo chini kabisa ya sanduku langu. Hiyo siipakii kwenye basi, uifuate mwenyewe Idi.

Mama yako