Hospitali Ikimzuia Mzazi kwa Sababu ya Deni

Wiki hii kijana mmoja wa Ruashi, hapa kwetu Lubumbashi, Kongo, ameniandikia: "Yaya (dada mkubwa), jambo. Mke wa kaka yangu amejifungua kwa kupasuliwa. Faktire (bili) imetushinda, sasa mlinzi hamruhusu kupita getini, yeye wala mtoto. Tuuze kiwanja?" Nilimjibu palepale kwamba kiwanja wakiache kwanza. Kisha nikaona jibu hili si lake peke yake. Ninyi mnaosoma hapa mnanijua: hatutafuti cha bure, tunataka mtu wetu atoke mzima, na heshima yake aondoke nayo.

Mimi yalinikuta kwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Uchungu ulimshika usiku, mtoto kakaa vibaya tumboni, tukamkimbiza kwenye kliniki ya binafsi hapa Lubumbashi. Jina la kliniki silitaji, msinibembeleze. Wakampasua. Kwa kazi ile nawapa haki yao: mtoto alilia, mama alikuwa hai. Asubuhi ikaja faktire. Mumewe ni mchimbaji upande wa Kambove, na mnamjua mchimbaji, leo anakula kuku, kesho anakopa chumvi. Tukachanga za mama, za kikundi cha maombi, na zangu za biashara ya makala, yaani makaa ya kupikia. Hazikufika nusu.

Tangu saa ile nyuso zilibadilika. Kitanda akapewa mwingine. Mdogo wangu akalazwa kwenye mkeka ukumbini, pamoja na akina mama wengine walioitwa "wa deni", kama vile hilo ndilo kabila lao. Bukari (ugali) tulimpelekea, lakini kidonda hakuna aliyekigusa. Nilimwomba muuguzi mmoja, "Mama, tafadhali, kinaanza kunuka." Akajibu bila kuniangalia: "Kitasafishwa mkilipa." Mdogo wangu yule nilimlea mimi mgongoni, mama akiwa sokoni. Nilitoka nje nikalia kando ya barabara, watu wakipita wakidhani nimefiwa. Hasira ile haijanishuka yote mpaka leo.

Jirani yangu wa Katuba ni avoka, yaani wakili. Jioni alinitenganishia mambo mawili ambayo familia nzima ilikuwa imeyachanganya. La kwanza ni pesa. Deni lipo, na hospitali inaruhusiwa kulidai hadi mahakamani. La pili ni mtu, na mtu hawekwi rehani. Katiba yetu ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 17 kwamba uhuru ndio kanuni, kumfunga mtu ni jambo la nadra. Kifungu cha 18 kinaipa polisi saa 48 tu za kumshikilia mshukiwa. Zikiisha aachiwe, au apelekwe mbele ya wakuu wa sheria. Sasa fikirini wenyewe: dola nzima, yenye askari wake na gereza la Kasapa, imewekewa saa 48. Anayepokea pesa dirishani kwenye kliniki amepewa saa ngapi? Hata moja. Tena kifungu cha 67 cha sheria ya makosa ya jinai kinamwekea kifungo cha mwaka 1 hadi 5 anayemzuia mtu kiholela kwa nguvu, kwa hila au kwa vitisho.

Wakikwambia wataita polisi, usitetemeke. Kukosa uwezo wa kulipa si kosa la jinai. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976 ikiitwa bado Zaire, unakataza katika kifungu cha 11 kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Ukitoa jina la uongo au ukadanganya ili utibiwe, hayo ni mengine, usiseme ni mimi niliyekutuma.

Basi nikaandika barua, ukurasa mmoja. Nikataja jina la mgonjwa, tarehe aliyoingia, na tarehe daktari aliyosema anaweza kurudi nyumbani. Nikakubali deni lote bila kubishana hata feranga moja, nikaambatanisha karatasi ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi, imesainiwa na mimi, mume wake na mjomba. Kisha nikaomba mambo mawili: kidonda kisafishwe leo, na mgonjwa aachiwe. Chini kabisa: nakala kwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nakala kwa Oda ya Madaktari, chombo kinachowasimamia madaktari. Nikapiga fotokopi, na nakala yangu nikadai igongwe muhuri wa kupokelewa. Sekretari alizunguka-zunguka, mara muhuri umefungiwa, mara mwenye muhuri hayupo. Nikavuta kiti nikakaa. Muhuri ulipatikana.

Direkta aliniita ofisini, anatabasamu.

"Mama, nani amekuandikia hii?"

"Mimi mwenyewe, direkta."

"Wewe ni avoka?"

"Hapana. Nauza makala Katuba."

Alipofika kwenye mistari ya nakala, tabasamu likakauka. Akaanza kunieleza ana wafanyakazi wa kulipa, dawa za kununua, na serikali haimsaidii kitu. Namwelewa, wallahi, hospitali nyingi za hapa kwetu zinaishi kwa pesa za wagonjwa. Lakini nilimjibu kwamba ndiyo sababu nimemletea karatasi ya kulipa, na kwamba mdogo wangu akilala ukumbini kwake hawezi kutafuta hata hizo pesa. Kesho yake kabla ya adhuhuri tulipita geti lile, mtoto kapakatwa na bibi yake, mimi mbele. Mlinzi alinifungulia kwa mikono miwili. Na deni tulilimaliza. Risiti zote ninazo, mwenye shaka aje aone.

Walibaki na kadi ya uchaguzi ya shemeji yangu na karatasi ya kliniki inayoonyesha mtoto amezaliwa. Nako tulirudi na barua, vikatoka. Hili msilidharau. Kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu, bila hiyo mtu hachukui hata pesa alizotumiwa kwa simu. Na mtoto lazima aandikishwe kwenye komini, ofisi ya serikali ya mtaa, ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, mnaanza safari ya kutafuta hukumu mahakamani kwa ajili ya karatasi ambayo mngeipata kwa urahisi.

Kidonda ndicho kilichotutesa. Ilibidi tumpeleke hospitali nyingine, na kilichelewa sana kufunga. Hapa nataka mnielewe vizuri, maana kuna watu mgonjwa wao akifa wanakwenda kumpiga muuguzi. Daktari hakuahidi kuponya. Mahakama kuu ya Ufaransa ilisema hivyo katika hukumu ya 20 Mei 1936, na ndivyo wanasheria wetu walivyofundishwa: daktari anadaiwa matunzo ya dhamiri, ya uangalifu, yanayofuata elimu iliyokwisha kuthibitishwa. Akifanya yote hayo na Mungu akaamua lake, hana kosa. Lakini kuacha kidonda kioze kwa kuwa faktire haijalipwa si bahati mbaya. Sheria yetu ya mapatano ya 30 Julai 1888, kifungu cha 258 na cha 259, inamtaka kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe madhara, hata kama ni kwa uzembe tu. Kifungu cha 52 cha sheria ya jinai kinaugusa uzembe huohuo, kukosa tahadhari. Mdogo wangu hakutaka kesi, alisema amechoka. Nilimheshimu. Ingekuwa mimi, ningekwenda.

Ndugu zangu, sisi watu wa Lubumbashi tumezoea kupiga magoti. Mgonjwa akizuiwa tunatafuta mkubwa fulani, tunatafuta mchungaji, tunalia mbele ya direkta, tunauza kiwanja. Wengine wanamtorosha mgonjwa usiku juu ya ukuta na mshono mbichi, halafu deni linabaki na jina linaharibika. Sali, mimi pia nilisali. Lakini andika. Mwenye cheo haogopi machozi, ameyaona mengi. Anaogopa karatasi yenye tarehe na muhuri. Andika mapema, siku ileile faktire inapotoka, usingoje matusi. Piga picha ya kidonda. Weka kila karatasi ya dawa. Andika majina ya waliokujibu vibaya, na saa. Kisha andika tena.

Usiye na pesa za avoka, ujue kwamba kila baraza la mawakili lina ofisi ya mashauri ya bure kwa maskini. Imo katika sheria ya 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya mawakili, kwa hiyo hawakufanyii hisani. Nenda asubuhi, na hati ya umaskini ukiweza kuipata, na fotokopi za kila kitu. Ile yenye muhuri usimwachie mtu, hata akikuambia atairudisha kesho.