Kompyuta inajizima mchana: ninunue prosesa nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina stesheneri Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni. Kompyuta yangu ya mezani, Core i5 ya mtumba, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na ikifika saa nane mchana inajizima. Niliufungua ubavu wa boksi nikaielekezea feni ya chumbani, ikapata nafuu, sasa imerudia. Fundi mmoja ameniambia prosesa imekufa. Hela ya kununua nyingine sina. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Prosesa iliyokufa haiwaki. Yako inapiga kazi hadi mchana ndipo inazima, maana yake inajilinda. Prosesa nyingi za Core i5 zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda huzima mashine nzima zisiungue. Usinunue kitu bado. Pakua Core Temp, programu ya kupima joto la prosesa, uangalie namba. Mashine ikiwa imetulia, kwa joto letu la Mwanza, ikisoma 40 au 50 ni sawa. Ikisoma 70 na hujafungua hata faili moja, tatizo ni uchafu, au imekauka pesti, ule mkorogo unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa.

Ule ubavu ufunge leo hii. Najua ulipata nafuu, lakini feni ya chumbani inasukumia ndani vumbi lote la barabarani, na ukichapa kazi usiku taa ikiwaka, inasukumia pia wale wadudu wa ziwani. Unawajua: mwezi ukiandama wanapanda kutoka majini kama moshi na kufuata mwanga. Niliwahi kufungua kompyuta ya mteja wa Igombe. Nilipoiinua feni, juu ya mapezi ya alumini yanayopoza prosesa palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi la kijivu, wadudu wakavu walioshikana na vumbi. Kilibanduka kizima, upande wa chini kikiwa na mistari ya mapezi. Feni ilikuwa nzima kabisa, ila upepo wake ulikuwa unaishia kwenye lile blanketi.

Kwa hiyo anza na usafi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, kisha toa boksi nje. Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu. Ukiazima bloa, zuia panga la feni kwa kidole lisizunguke ovyo. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu.

Joto lisiposhuka, badili pesti iliyo kati ya prosesa na ile alumini. Kisindano kidogo cha pesti ni rahisi mno ukilinganisha na prosesa. Washa mashine dakika tano pesti ya zamani ilainike, kisha zima na kuchomoa tena. Feni za Intel za kawaida zina pini nne za plastiki: zungusha kila moja kinyume cha saa, ivute juu. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya isopropili. Weka mpya kiasi cha punje ya choroko, katikati. Dawa ya meno wanayoshauriana vijana hukauka upesi, achana nayo.

Kurudisha feni ndiko wengi wanakokosea. Rudisha pini kwenye mkao wake wa kwanza, halafu bonyeza mbili zinazotazamana kimshazari, kisha mbili nyingine, hadi kila moja ilie "ta". Pini moja ikining'inia, alumini inakaa upande na joto linabaki palepale.

Lipo na la bure kabisa. Kwenye Windows, mipangilio ya umeme, sehemu ya kina, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwa kompyuta nyingi hiyo inazima ile kasi ya ziada inayoleta joto, na kwa kuchapa barua na kutoa kopi hutaona tofauti.

Boksi litoke sakafuni, likae mbali na ukuta kiasi cha shubiri. Matundu ya kuingizia hewa yafunike kwa kipande cha chandarua, ukikung'ute kila wiki. Ikiwa baada ya hayo yote bado inapita 90 unapochapa tu, kagua zile pini tena, ndipo ununue feni.