Mama ana dimenshia: nani amlipe muuguzi?

Shikamoo Shangazi. Mama yetu ana dimenshia, maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu apoteze kumbukumbu. Niliacha kazi ili nimtunze. Usiku huamka akitafuta viatu aende ofisini, na alistaafu zamani, hivyo nalala mlangoni nisije nikamkosa asubuhi. Daktari ameshauri tutafute muuguzi. Kaka zangu wanataka kila mtoto achange sawasawa, nami sina kipato. Ni haki hiyo?
Kitinda mimba

Marahaba, mwanangu. Si haki. Wewe ulianza kulipa siku ile ulipoacha kazi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 dimenshia iligharimu dunia dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na jamaa wanaouguza nyumbani. Takriban asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake. Kaka zako wanahesabu pesa tu. Kukesha kwako hawajakuhesabu. Waambie hivyo kikaoni, bila kuomba radhi.

Pesa ya kwanza kuguswa iwe ya mama mwenyewe: pensheni, akiba, kodi kama ana nyumba aliyopangisha. Najua kuna atakayesema huo ni urithi. Urithi wa nani, naye yu hai? Aliweka akiba kwa ajili ya uzee, na uzee ndio huu.

Hapo kuna jambo la haraka. Kama mama bado anapata siku za kuelewa anachosaini, mpelekeni kwa mwanasheria amteue mtu wa kumsimamia mali. Ulizeni waziwazi kama hati hiyo itabaki na nguvu hata akishindwa kabisa kuamua, maana zipo zinazokoma papo hapo. Mkichelewa, njia itakayobaki mara nyingi ni mahakama, na huko ni gharama juu ya gharama.

Bima nayo msiitegemee kabla ya kuuliza. Nyingi hulipia matibabu, lakini mtu wa kumwogesha mgonjwa, kumvalisha na kumbadilisha nepi hazimlipii. Majibu yao yawe kwa maandishi. Piteni na ustawi wa jamii mjue kama kuna msaada anaostahili.

Tena mrudieni daktari: alimaanisha muuguzi aliyesomea, au mtu wa kukaa na mama? Vidonda vya kulala na sindano vinataka muuguzi. Kuoga, kula na kukesha, msaidizi aliyefundishwa vizuri anatosha, na kwa kawaida gharama yake ni ndogo. Pengine mnahitaji muuguzi wa kupita mara mojamoja na msaidizi wa usiku, nawe ulale kitandani kwako. Nakuhofia wewe pia, mwanangu. Mwili usiolala huugua.

Kinachopungua baada ya pesa ya mama ndicho mgawane, kila mmoja kwa uwezo wake, na saa zako ziandikwe kama mchango. Ukirudi kazini, mtakaa upya. Kwa sasa asikuandikie mtu deni.